Eunice Kennedy Shriver: Kutoka Siri ya Familia Hadi Utumishi kwa Walio Wadogo

Mama Kanisa anapotufundisha juu ya familia, hutukumbusha mara kwa mara wajibu wa wazazi kwa watoto wao na wajibu wa watoto kwa wazazi wao. Uhusiano wa ndugu waliozaliwa tumbo moja hatuutafakari sana, ingawa kwa kawaida ndio unaodumu kuliko mahusiano mengine yote ya nyumbani. Wazazi hututangulia kaburini. Kaka na dada hubaki nasi hadi uzeeni. Ndiyo maana mtoto anayekua pamoja na ndugu mwenye ulemavu hukutana mapema, pengine kabla hajajua kusoma, na swali ambalo Kaini alitaka kulikwepa mbele ya Mungu, yaani swali la ulinzi wa ndugu.

Tumeona vema kulitafakari swali hilo kwa njia ya maisha ya mwanamke mmoja mlei, Mkatoliki, mke na mama wa watoto watano: Eunice Kennedy Shriver wa Marekani, aliyeitwa na Bwana mwaka 2009. Msomaji wa Milanzi, au wa kigango chochote katika uwanda huu wa Ufipa, anaweza kuuliza ana uhusiano gani na binti wa tajiri wa ng'ambo, ambaye kaka yake alikuwa Rais. Jibu letu ni kwamba yaliyotokea ndani ya nyumba ile kubwa ndiyo yanayotokea katika nyumba zetu nyingi za tofali mbichi. Alizaliwa mtoto aliyekuwa tofauti na wenzake, wazazi wakaona uchungu na aibu, na mlango ukafungwa. Tunachotaka kukitazama ni namna mlango ule ulivyokuja kufunguliwa, na gharama iliyolipwa kwa kuchelewa kuufungua.

Watoto tisa wa nyumba moja

Joseph Kennedy na mkewe Rose walijaliwa watoto tisa. Wa tatu, Rosemary, alizaliwa tarehe 13 Septemba 1918 huko Brookline, Massachusetts, wakati homa kali ya mafua ilipokuwa ikiua watu duniani kote. Wa tano, Eunice, alizaliwa tarehe 10 Julai 1921. Kadiri watoto walivyokua, wazazi waliona kwamba Rosemary anachelewa kutambaa, kutembea na kusema. Shuleni alishindwa kwenda sawa na wenzake. Alijifunza kusoma na kuandika kwa shida, lakini alikuwa binti mchangamfu, mwenye sura nzuri, aliyependa kucheza dansi na kusifiwa kidogo kama sisi sote tunavyopenda.

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya mashindano. Baba aliwataka watoto wake wawe wa kwanza katika masomo, katika michezo na baadaye katika siasa. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto asiyeweza kushinda huonekana kama kasoro katika jina la ukoo. Mama yao aliwaagiza watoto wengine wasimwache Rosemary nyuma, na Eunice alilitii agizo hilo kuliko wote. Aliogelea naye, alicheza naye tenisi, na walipokwenda kushindana kwa mashua za tanga alimpa Rosemary kazi yake ndani ya mashua. Hapo Eunice alijifunza jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati ule hawakulijua. Aliona kwamba dada yake akipewa kazi inayolingana na uwezo wake, akaelekezwa kwa upole na kupewa muda, anaiweza na kuifurahia.

Mwaka 1938 baba yao aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza, na familia ikahamia London. Huko Rosemary aliwekwa katika shule ya watawa iliyofuata mbinu za Maria Montessori, akapata kipindi chenye utulivu na maendeleo kuliko vyote alivyokuwa amepitia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipolazimisha familia kurudi Marekani, utulivu ule ulivunjika. Rosemary, sasa mwanamke wa zaidi ya miaka 20, aliona wadogo zake wakisafiri na kusoma vyuoni naye akizuiwa. Alianza kuwa na hasira kali, na alipokuwa akikaa katika nyumba ya watawa mjini Washington alikuwa akitoroka usiku.

Uamuzi wa siri

Mwezi Novemba 1941 baba yao alifanya uamuzi bila kumshirikisha mkewe. Aliwaruhusu madaktari Walter Freeman na James Watts wamfanyie binti yake upasuaji uliokuwa mpya wakati ule, uitwao lobotomia. Fuvu lilitobolewa, na nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine zikakatwa. Baba alitumaini kwamba binti yake angetulia, na familia ingeepuka aibu. Rosemary alikuwa na umri wa miaka 23. Aliingia hospitali akitembea na kuzungumza. Alitoka akiwa amepoteza karibu kila alichokuwa amejifunza katika maisha yake. Ilimbidi afundishwe upya kutembea, na usemi wake haukurudi kamwe kuwa kama zamani.

Baada ya hapo Rosemary aliondolewa machoni pa watu. Kwanza aliwekwa katika hospitali ya binafsi katika jimbo la New York, na mwaka 1949 akapelekwa Jefferson, jimbo la Wisconsin, katika kituo cha Mtakatifu Coletta kilichoendeshwa na masista Wafransisko. Masista wale walimtunza kwa heshima kwa zaidi ya nusu karne. Lakini nyumbani jina lake halikutajwa tena kwa kawaida. Watu wa nje walipouliza, waliambiwa kwamba anajishughulisha na watoto mahali fulani mbali. Miaka mingi ilipita bila ndugu zake kukaa naye mezani.

Tusiharakishe kumhukumu baba huyu kana kwamba sisi ni bora kuliko yeye. Alimpenda binti yake, na aliwasikiliza madaktari waliosifiwa na wengi. Kosa lake lilikuwa kuruhusu hofu ya kusemwa na watu iamue juu ya mwili na akili ya mtu asiyeweza kujitetea, tena kwa siri. Hofu hiyo tunaifahamu. Ndiyo inayomfanya mzazi amfungie mtoto chumba cha nyuma wageni wanapofika, au ahesabu watoto watano alipozaa sita. Huku kwetu imekuwepo pia hofu ya kishirikina, inayosema kwamba ulemavu ni laana, ni mkono wa mchawi au ni malipo ya dhambi ya ukoo. Wanafunzi wa Bwana walimletea Yesu wazo la namna hiyo walipokutana na yule aliyezaliwa kipofu, naye akalikataa waziwazi. Mkristo anayeendelea kulishikilia anabishana na Bwana mwenyewe.

Njia ndefu ya Eunice

Eunice alikuwa na miaka 20 dada yake alipofanyiwa upasuaji ule. Hakuanza utume wake siku iliyofuata. Alimaliza masomo ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1943. Alifiwa na kaka yake mkubwa, Joseph, katika vita mwaka 1944, na dada yake Kathleen katika ajali ya ndege mwaka 1948. Alifanya kazi serikalini juu ya tatizo la vijana wakosaji. Mwaka 1950 alifanya kazi ya ustawi wa jamii katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia. Kisha akaenda Chicago kuhudumu katika makao ya wanawake yaitwayo Nyumba ya Mchungaji Mwema na katika mahakama ya watoto. Tunaona hapa jinsi Mungu anavyomwandaa mtu. Kabla hajaweza kusema juu ya dada yake, alipelekwa kwanza kwa wale ambao jamii imewafungia nje.

Tarehe 23 Mei 1953 alifunga ndoa na Sargent Shriver katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Sargent alikuwa Mkatoliki wa sala na matendo, na ndiye aliyeanzisha shirika la vijana wa kujitolea la Peace Corps, ambalo mwaka 1961 lilituma moja ya makundi yake ya kwanza hapa kwetu, Tanganyika. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya Misa, rozari na wageni wengi.

Mwaka 1957 Eunice alichukua uongozi wa mfuko wa hisani ambao familia ilikuwa imeuanzisha mwaka 1946 kwa kumbukumbu ya kaka yao Joseph. Aliuelekeza moja kwa moja kwa watu wenye ulemavu wa akili. Alizunguka pamoja na mumewe kutembelea taasisi walimowekwa watoto hao, akakuta mabweni yaliyojaa kupita kiasi, na watoto wakikaa siku nzima bila kazi, bila mchezo, bila mtu wa kuwaita kwa jina. Aliporudi alikuwa ameelewa kwamba historia ya dada yake ilikuwa pia historia ya maelfu ya wengine, ambao hawakuwa na baba tajiri wa kuwalipia watunzaji wema.

Kaka yake John alipokuwa Rais mwaka 1961, Eunice alimsihi bila kuchoka mpaka akaunda jopo la wataalamu wa kuchunguza suala hilo. Mwaka 1962 iliundwa taasisi ya taifa ya utafiti juu ya afya ya mtoto, ambayo leo ina jina la Eunice. Mwezi Oktoba 1963, wiki chache kabla ya kuuawa, Rais John Kennedy alitia saini sheria za kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili.

Siri inavunjwa

Jambo lililohitaji ujasiri mkubwa zaidi, hata hivyo, halikufanyika Ikulu. Mwezi Septemba 1962 Eunice aliandika makala katika gazeti la Saturday Evening Post, lililosomwa na mamilioni ya watu, akieleza waziwazi kwamba Rais wa nchi ana dada mwenye ulemavu wa akili. Alisimulia walivyokuwa wakicheza pamoja na alivyoweza kufanya kazi katika mashua. Makala hiyo haikugusa habari za upasuaji. Jeraha lile lilikuwa bado bichi mno. Lakini jina la Rosemary lilitajwa kwa heshima mbele ya taifa zima, na wazazi wengi wenye watoto wa namna hiyo wakajua kwamba hawako peke yao.

Majira hayohayo ya kiangazi, mama mmoja alikuwa amemlilia Eunice kwamba hakuna kambi ya likizo inayokubali kumpokea mtoto wake. Jibu la Eunice lilikuwa kufungua uwanja wa nyumba yake mwenyewe huko Maryland. Juni 1962 walifika watoto zaidi ya 30, na vijana wa shule walialikwa kujitolea, karibu kila mtoto akiwa na msaidizi wake. Waliogelea, walicheza mpira, walipanda farasi. Watoto wa Eunice mwenyewe walichanganywa nao, wakakua wakiona jambo hilo kuwa la kawaida. Katika kambi ile, ambayo iliendelea kila mwaka, yule binti aliyemfundisha dada yake kuongoza tanga alikuwa akifanya lilelile kwa watoto wa wengine.

Mbegu hiyo ilikutana na nyingine. Huko Chicago mwalimu kijana wa michezo, Anne Burke, alikuwa na wazo la kuandaa mashindano ya riadha kwa watoto wenye ulemavu wa akili, akaomba msaada wa mfuko wa akina Kennedy. Eunice alilipanua wazo hilo, na tarehe 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field, wanamichezo wapatao 1,000 kutoka majimbo 26 ya Marekani na kutoka Canada walishindana kwa mara ya kwanza katika michezo ya Special Olympics. Watazamaji walikuwa wachache sana katika uwanja ule mkubwa. Eunice alikuwa amemzika kaka yake Robert, aliyeuawa kwa risasi, wiki sita tu kabla ya siku hiyo. Alisimama na kufungua michezo. Leo michezo hiyo inafanyika katika nchi zaidi ya 170, Tanzania ikiwa mojawapo, na mamilioni ya watu ambao zamani wangefungiwa ndani wamepata kukimbia wakishangiliwa kwa majina yao.

Rosemary anarudi mezani

Ingekuwa rahisi kumaliza habari hii kwenye uwanja wa michezo, lakini kwetu sisi sehemu iliyo bora ni ndogo na haina watazamaji. Baada ya baba yao kupatwa na kiharusi mwezi Desemba 1961, familia ilianza taratibu kumtembelea tena Rosemary. Eunice aliendelea kumleta dada yake nyumbani kwake, akamkalisha mezani pamoja na watoto, akaenda naye Misa. Watoto wa Eunice walimjua mama yao mkubwa huyo kama ndugu wa kweli, si kama habari ya kunong'onwa. Mmoja wao, Timothy, alikuja kuongoza Special Olympics. Mwingine, Anthony, mwaka 1989 alianzisha shirika la Best Buddies, linalowaunganisha watu wenye ulemavu wa akili na marafiki. Mdogo wao Eunice, Jean, naye alikuwa ameanzisha mwaka 1974 shirika la sanaa kwa watu wenye ulemavu.

Rosemary alifariki tarehe 7 Januari 2005, akiwa na miaka 86, ndugu zake wakiwa kando yake. Eunice alimfuata tarehe 11 Agosti 2009, akiwa na miaka 88. Tunakumbuka jinsi mfalme Daudi alivyomtafuta Mefiboshethi, mlemavu wa miguu yote miwili, si kwa ajili ya kumpa sadaka na kumwacha alikokuwa, bali kwa ajili ya kumketisha mezani pake kama mmoja wa wanawe. Utumishi wa Eunice ulikuwa wa namna hiyo. Michezo ilikuwa njia. Meza ndiyo iliyokuwa shabaha.

Mafundisho kwa familia na jumuiya zetu

Tujihadhari na hitimisho moja lenye sura ya uchaji lakini lisilo la kweli, kwamba Mungu alitaka Rosemary aharibiwe ili wengine wapate michezo. Mungu hamtumii mtu kama chombo cha kufundishia wengine. Rosemary hakuumbwa kuwa somo la Eunice. Aliumbwa kwa ajili yake mwenyewe, kwa sura na mfano wa Mungu, na thamani yake ingekuwa ileile hata kama dada yake asingefanya lolote. Neema ilifanya kazi mahali pengine. Ilimwezesha dada mmoja kuacha kuuona ulemavu kuwa siri na kuanza kumwona mtu, na alipomwona mmoja, akaweza kuwaona wengine wengi.

Tuwatazame pia wale kaka na dada waliomo majumbani mwetu leo. Mara nyingi mzigo wote huwekwa mgongoni mwa binti mmoja. Ndiye anayebaki nyumbani wengine wakienda shule au shambani, ndiye anayemlisha na kumfulia nduguye, na hakuna anayemuuliza kama amechoka. Huko si kumlea katika upendo. Ni kumchosha mpaka upendo ugeuke uchungu. Eunice alikuwa na fedha na wasaidizi wengi. Binti wa Ufipa hana hivyo, lakini anayo jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, na jumuiya inayosali kila wiki nyumba kwa nyumba inaweza kujipangia zamu ili binti huyo naye aende shule na kanisani.

Wazazi waliochelewa kumleta mtoto wao kwa hofu ya kuchekwa wajue kwamba Kanisa halimnyimi mtu ubatizo kwa sababu ya ulemavu. Na kuhusu Ekaristi, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alifundisha mwaka 2007, katika waraka wake juu ya Sakramenti hiyo, kwamba watu wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kuimarishwa wasinyimwe Komunyo kila inapowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Maneno hayo yanaigeukia jumuiya nzima: imani yetu ndiyo inayotakiwa kumbeba mtoto huyo hadi altareni. Makatekista wasisubiri aletwe, wamwulizie.

Kambi ya kwanza ya Eunice ilihitaji uwanja, mpira, vijana wachache wa kujitolea, na mtu mmoja aliyeamua kufungua lango. Viwanja vya parokia na shule tunavyo, na vijana wa VIWAWA tunao. Wanaobaki ni wale walio ndani, ambao ndugu zao wanajua majina yao. Kaka au dada anayesoma makala hii, na ambaye moyoni mwake ametajwa mtu mmoja tangu mwanzo, Dominika ijayo asiende Misa bila yeye.